Nyayo za Paka na Beseni la Maji ya Chumvi: Yanayofaa na Yanayodhuru Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Old Korogwe, paka ana kazi. Gunia la mahindi halina mlinzi mwingine usiku, na ile methali isemayo kwamba paka akiondoka panya hutawala si fumbo kwa mtu aliyewahi kufungua gunia akakuta pumba na kinyesi cha panya. Tena panya si suala la mahindi tu. Wilaya ya Lushoto, iliyo jirani yetu katika milima ya Usambara, ilianza kukumbwa na tauni mwaka 1980, na ugonjwa huo, unaoenezwa na viroboto wa panya, uliendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo paka anapoanza kuchechemea, wayo umevimba na usaha unatoka katikati ya vidole, familia ina haki ya kuhangaika, na wala haihitaji kuona aibu kuuliza.

Mimi ni daktari bingwa wa ngozi za binadamu, si daktari wa mifugo. Hata hivyo, swali la paka huletwa kliniki mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Mama huja na choa cha mtoto, na baada ya kuandikiwa dawa, akiwa tayari amesimama, huuliza: «Daktari, na paka je? Nimloweke miguu kwa dawa gani?» Swali hilo si la pembeni. Ngozi ya paka na ngozi ya watu wa nyumba moja hushirikiana fangasi, viroboto na bakteria. Zaidi ya hapo, dawa anayokusudia kuitia katika beseni la paka mara nyingi ni ileile iliyo kabatini mwake kwa ajili ya watoto. Hapo ndipo hatari ilipo.

Tuanze na wayo wenyewe. Paka wa kawaida ana vidole vitano katika kila mguu wa mbele na vinne katika kila mguu wa nyuma, yaani kucha 18, na kila ukucha hujificha ndani ya ala yake. Sehemu laini za chini ya wayo ni miongoni mwa sehemu chache za mwili wa paka zinazotoka jasho. Ni ngozi ngumu kiasi, lakini haikuumbwa kushindana na chupa zilizovunjwa na kupangwa juu ya ukuta, bati lenye kingo kali, jiko la mkaa lililoachwa bila chungu, wala ncha ya jani la mkonge. Anayeishi karibu na mashamba ya Ngombezi au Magunga anaijua ncha hiyo. Mwiba ukivunjikia ndani, tundu la juu hujifunga upesi na usaha hujikusanya chini yake. Paka mzee, asiyepanda tena miti wala kukwaruza magogo, hupata shida nyingine: kucha zake hukua, hupinda, kisha huchoma nyama ya wayo wake mwenyewe. Ukucha wa kidole cha ndani cha mguu wa mbele, kile kisichogusa ardhi, ndio unaosahauliwa zaidi. Na paka dume waliopigana usiku huacha meno yao katika miguu ya wenzao.

Majeraha ya namna hii, yakiwa madogo na katika mguu mmoja, ndiyo yanayofaidika na kulowekwa. Maji ya uvuguvugu hulainisha magamba yaliyoziba tundu, husaidia usaha kutoka, huondoa mchanga, na humpunguzia mnyama maumivu. Hayaui ugonjwa uliokwishaingia ndani, wala hayatoi mwiba uliozama. Kazi yake ni kusafisha, basi.

Sasa tuje kwenye hoja ambayo ningependa kila mfugaji aikumbuke hata akisahau mengine yote: chochote unachokiweka kwenye wayo wa paka umekiweka kinywani mwake. Paka hujisafisha kwa ulimi. Mara utakapomwachia ataketi pembeni, atanyoosha mguu na kuulamba hadi ukauke. Mtoto tunampaka dawa na kumwambia asiiguse. Paka hana sikio la maneno hayo.

Tena anachokilamba hukutana na ini lisilofanana na letu. Ini la binadamu lina vimeng'enya vinavyozifunga kemikali nyingi, zikiwamo zile za jamii ya fenoli, kwenye sukari maalumu ili zitoke salama kupitia mkojo na nyongo. Paka ana upungufu mkubwa wa vimeng'enya hivyo. Inaaminika kwamba sababu ni historia yake ya kula nyama tupu. Mwili wake haukuhitaji kupambana na sumu za mimea kama miili ya wala majani. Matokeo yake ni kwamba dawa iliyo salama kwa mtoto wa miaka mitano inaweza kumwua paka mzima.

Dettol ni mfano wa kwanza. Sina ugomvi nayo katika kusafisha sakafu, lakini maji yale yanayogeuka meupe kama maziwa yana kemikali ya jamii ya fenoli, na paka akiyalamba hupata vidonda vya ulimi, hudondosha mate, hulegea na kukataa chakula. Mwenye paka huona mnyama anazidi kuugua, naye huongeza dawa katika beseni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni mbaya zaidi. Katika Handeni na Korogwe, ambako ng'ombe na mbuzi ni wengi, chupa ya dawa ya kupe haikosekani kwa jirani, na tone lake huonekana kama suluhisho la haraka la viroboto na funza. Baadhi ya dawa hizo ni za jamii ya pareto iliyotengenezwa viwandani, ambayo paka haiwezi kabisa. Hutetemeka, hupata degedege na kufa. Nyingine hulegeza misuli ya pumzi. Mafuta ya taa na oili chafu ya magari huchoma ngozi, na yakiingia mapafuni wakati wa kulamba huleta homa ya mapafu. Kitunguu saumu kilichopondwa, ambacho wengi hukiona hakina madhara kwa kuwa ni chakula, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Utomvu wa manjano wa mshubiri humharisha na kumtapisha. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa nayo siyapendekezi.

Na kuna paracetamol. Hii haitiwi kwenye beseni bali hupewa paka mdomoni, kwa huruma, ili maumivu yapungue. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 yatosha kumwua. Damu yake hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni, fizi hugeuka rangi ya kahawia au bluu, pumzi hupanda, na kisha, jambo linalowapotosha wengi, uso na nyayo huvimba. Mwenye paka aliyempa kidonge kwa sababu ya wayo uliovimba atadhani kidonda kimezidi. Ikiwa umeshampa, usisubiri dalili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo na umwambie wazi ulichompa na kiasi chake. Ipo dawa ya kupambana na sumu hiyo, asetilisisteini, lakini nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyopita. Asprini, diklofenaki na ibuprofeni nazo zikae mbali na paka, pamoja na jeli za kuchua viungo zenye diklofenaki, kwa sababu ileile ya ulimi.

Baada ya kuondoa yote hayo, kinachobaki ni kidogo na cha bei nafuu. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe ya uvuguvugu. Yapime kwa ndani ya kifundo cha mkono wako kama unavyopima maziwa ya mtoto mchanga. Katika kila nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya kawaida, kilichosawazishwa, na ukoroge hadi iyeyuke. Kiasi hicho kinakaribia chumvi iliyomo katika damu, hivyo hakimchomi. Usiongeze kwa imani kwamba chumvi nyingi huponya zaidi. Chumvi nyingi inauma, na paka anayeumizwa mara ya kwanza hatakubali mara ya pili. Kama kidonda kina usaha na una povidoni ya iodini ya asilimia 10, ile ya kahawia inayouzwa katika maduka ya dawa, unaweza kuitumia badala ya chumvi: kijiko kimoja cha chai katika nusu lita, mpaka maji yawe na rangi ya chai nyepesi. Kisha suuza kwa maji safi kabla ya kumwachia, kwa sababu ya ulimi. Haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu, iachwe. Povu lake hufurahisha macho, lakini huua pia chembe mpya zinazojaribu kuziba kidonda.

Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja amviringishe paka katika kanga au taulo nene, kichwa kikiwa nje na mguu mmoja tu ukitokeza, amkumbatie kifuani bila kumkaba. Wa pili avae glavu, aushushe mguu katika beseni lenye maji ya kina cha vidole vitatu hivi. Dakika tano zatosha kwa kuanzia. Zikifika kumi ni vizuri. Paka asiyetaka kabisa asilazimishwe. Chovya kitambaa safi katika maji yaleyale, kifungie kidonda taratibu kwa mkono wako na ukishike hapo, ukikichovya tena kinapopoa. Matokeo yake hayana tofauti kubwa na beseni, na mikono ya watu hubaki salama. Ukimaliza, kausha kwa kugusagusa, hasa katikati ya vidole, kwa kuwa unyevu unaobaki hapo hulisha fangasi. Mpe chakula wakati huohuo ili ulimi uwe na shughuli nyingine kwa dakika kumi na tano. Fanya hivyo mara mbili kwa siku. Usifunge bandeji ya kubana, wala usitumie uzi au mpira. Nimesikia kwa wenzangu wa mifugo habari za vidole vilivyokufa kwa kufungwa hivyo. Akiwa anajisaidia ndani, badilisha mchanga kwa vipande vya gazeti mpaka kidonda kifunge.

Siku tatu. Kidonda kidogo kilichooshwa vizuri huonyesha nafuu ndani ya muda huo: uvimbe unashuka, usaha unapungua, paka anaanza kukanyaga. Kisiponyesha dalili hizo, kuendelea kuloweka ni kupoteza muda. Na zipo hali ambazo hata siku tatu hazifai kusubiriwa: uvimbe unaopanda juu ya kifundo, harufu ya kuoza, ngozi nyeusi, mfupa kuonekana, mabuu ya nzi ndani ya kidonda, au paka kutokula kwa siku nzima. Hili la mwisho watu hulichukulia kirahisi. Paka anayekaa siku kadhaa bila chakula huanza kujaza mafuta katika ini lake, na ugonjwa huo wa ini unaweza kumwua hata kama mguu umepona.

Kabla ya hayo yote, hesabu miguu. Mguu mmoja wenye kidonda kimoja kwa kawaida unasimulia ajali. Nyayo mbili, tatu au nne zilizoharibika kwa pamoja zinasimulia ugonjwa wa mwili, na beseni haliufikii. Nyayo zote zikivimba na kuwa laini kama mito, zenye rangi ya zambarau, kinga ya mwili ndiyo inayohusika. Usaha mzito kama jibini kuzunguka kucha nyingi, pamoja na magamba usoni na masikioni, nao mara nyingi ni ugonjwa wa kinga. Paka mzee anayevimba vidole kadhaa katika miguu tofauti anaweza kuwa na saratani ya mapafu iliyosafiri hadi vidoleni. Wakati mwingine hakohoi kabisa, na kuchechemea huwa ndiyo dalili ya kwanza. Mabaka yasiyo na manyoya, yenye magamba, hasa kwa paka mdogo, yatutie shaka ya fangasi wa choa. Hapo waangaliwe na watoto, kwa sababu wakitibiwa watoto na paka akaachwa, choa kitarudi.

Funza wanastahili neno lao. Nasema juu ya yule kiroboto anayetoboa ngozi, ambaye wengine humwita tekenya, si buu la nzi. Si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini, na kuenea kwake barani kunahusishwa na meli Thomas Mitchell iliyotoka Brazil na kufika Angola mwaka 1872. Kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka bara na kufika pwani yetu. Jike huingia katika ngozi, huvimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya mahindi, na kumwaga mayai yanayoangukia sakafu ya udongo. Hachagui kati ya kidole cha mtoto na wayo wa paka, mbwa au nguruwe. Kumtibu mtoto peke yake, huku paka na mbwa wakiendelea kumwaga mayai palepale anapolala, ni kuchota maji kwa pakacha.

Kwa miaka mingi tumewaloweka watu miguu katika maji ya zambarau ya potasiamu pamanganeti. Utafiti uliofanyika Kenya kwa watoto na kuchapishwa mwaka 2014 ulilinganisha njia hiyo na mafuta ya dimetikoni, ambayo huziba tundu ambalo funza hupumulia. Baada ya siku saba, funza waliokufa walikuwa asilimia 78 upande wa dimetikoni na asilimia 39 tu upande wa pamanganeti. Ninautaja kwa sababu unaonyesha mpaka wa kuloweka hata kwa binadamu asiyejilamba. Kwa paka mwenye funza, osha kwa maji ya chumvi ili kulainisha, kisha mwachie afisa mifugo awatoe kwa kifaa safi. Pini ya nguo inayozungushwa kutoka mguu hadi mguu hupeleka bakteria, na kati ya watu hupeleka hata virusi vya homa ya ini. Sakafu ya udongo nayo ifagiliwe na kunyunyizwa maji mara kwa mara.

Najua kwamba kwa wengi daktari wa mifugo yuko mbali. Lakini afisa mifugo wa kata yupo, na wengi wao wamepitia vyuo kama Buhuri, Tanga. Hawashughulikii ng'ombe pekee. Mwulizeni. Jambo moja nisingependa lifanyike kwa kumkwepa: kumpa paka vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani. Mbali na suala la usugu wa dawa, kidonge kikavu cha doksisaiklini huweza kukwama kooni mwa paka na kuunguza njia ya chakula hadi ikasinyaa.

Nimeacha mikono ya watu mwisho kwa sababu nawaelekea sasa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya. Kidonda cha paka kikiwa kimetokana na kung'atwa na mbwa asiyejulikana au nguchiro, au paka akiwa amebadilika tabia, mkali ghafla, anadondosha mate, anashindwa kumeza, basi hakuna kuloweka. Asishikwe. Atengwe kama inawezekana bila kumgusa, na afisa mifugo aarifiwe, kwani kichaa cha mbwa hupita kwa paka pia. Mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa na paka wa namna hiyo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa ukutani na si kwa kukisia, kisha aende kituoni siku hiyohiyo kwa chanjo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu siku zote huua.

Hata paka mzima mwenye afya anapong'ata, jeraha lisidharauliwe. Meno yake ni membamba kama sindano. Tundu la juu ni dogo na hujifunga, ilhali bakteria wamepandwa karibu na kano au kiungo cha kidole. Kati ya asilimia 30 na 50 ya majeraha hayo hupata maambukizi, mara nyingi ndani ya saa 24, na mhusika mkuu ni bakteria aitwaye Pasteurella. Huyu hasikii kloksasilini peke yake, wala erithromaisini, dawa ambazo mikono yetu imezoea kuziandika kwa ngozi iliyovimba. Amoksisilini yenye klavulaneti ndiyo chaguo la kwanza; kwa mwenye mzio wa penisilini, fikiria doksisaiklini ikiwa umri wake na hali yake vinaruhusu. Usishone tundu la mkononi. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Mjamzito, na mtu ambaye kinga yake imeshuka, wamwachie mwingine kazi ya kushika paka mwenye vidonda.

Yuko pia mgonjwa anayekuja wiki moja hadi tatu baada ya mkwaruzo mdogo ambao ameshausahau: mara nyingi mtoto au kijana, tezi ya kwapani imevimba na inauma, homa ni ndogo. Bakteria Bartonella henselae, anayebebwa na paka na viroboto wake, huleta hali hiyo, na kwa wengi huisha yenyewe baada ya wiki au miezi. Katika nchi yetu tezi kama hiyo hutufanya tufikirie kifua kikuu, nasi hatukosei kufikiri hivyo. Vipimo vya kifua kikuu viendelee kama kawaida. Lakini uliza kama nyumbani kuna paka, tazama vidole na kiganja kutafuta kipele kilichobaki mahali pa mkwaruzo, na uandike jibu hilo na tarehe yake katika faili, kwa kuwa daktari atakayesoma majibu ya maabara huenda si yule aliyemwona mtoto siku ya kwanza.